Jina Nililolitoa Kwenye Randa

Buzebazeba, Jumatano mchana

Kaneza wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Ujiji kumuaga mama yako mdogo, na mimi nimesukuma maranda pembeni nikaketi kwenye benchi langu la kazi kukuandikia. Usinicheke mwandiko. Mkono huu umezoea tezo na msumeno, kalamu naishika kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kukimbia. Ukirudi nitakupa karatasi hizi mkononi, uende ukasome chumbani mwako, na usitoke mpaka umefika mwisho. Nakujua wewe, ukisoma nusu utatoka unapiga kelele.

Habari za sweta na baridi ya Uingereza sitaziandika. Mama yako mdogo atakuwa ameshakujaza masikio mpaka yamwagike, na mawese yake ya chupa atakufungashia hata ukikataa. Naandika kwa sababu ya kiapo chako cha jana. Uliapa mbele ya picha ya marehemu mama yako kwamba kesho asubuhi, mkifikishwa ofisini kabla ya kwenda uwanja wa ndege, ile karatasi ya mwisho hutaitia saini. Ulisema utawaambia, "Baba yangu ameonewa. Hajamdanganya mtu. Fungueni faili lake, la sivyo na mimi siendi." Ukagonga meza mpaka kikombe kikaanguka. Nilinyamaza, ukadhani nimeridhia.

Sikuridhia, mama. Niliogopa kufungua mdomo.

Karatasi yenyewe umeisoma, inasema unasafiri kama familia ya mtu mmoja na hutaomba niunganishwe nawe. Yule dada wa ofisini alitueleza wazi, tena kwa upole: ukinitaja kama mtu wa nyumba yako, faili lako linarudishwa kwenye langu, na langu limekwisha kufungwa. Mwezi ujao sisi wakimbizi tunaoishi mjini tunarudishwa kambini, na kambi yenyewe kila siku inabomolewa upande mmoja ili watu wachoke warudi walikotoka. Wewe huko Burundi hujawahi hata kukanyaga. Mimi nilitoka, lakini sina hata jiwe la kukalia. Ukibaki kwa ajili yangu, tutakuwa wawili tusio na pa kwenda badala ya mmoja. Sasa sikiliza. Sikuonewa. Yule mzungu aliyelifunga faili langu alifanya haki, na kesho ukisimama kunitetea utakuwa unatetea uongo wangu bila kujua.

Uongo wenyewe ni hilo jina unaloandika kila siku, Hayward.

Uliniuliza mara ngapi limetoka wapi? Ukiwa darasa la tatu mwalimu aliwaambia mchore ukoo wenu. Ukamchora juu kabisa Mwingereza mwenye ndevu na kofia, chini yake baba yangu, halafu mimi, halafu wewe na utepe mwekundu kichwani. Ukaniletea. "Baba, huyu babu wa juu alikuwa na macho ya kijani?" Nikakuambia, ndiyo, kijani kabisa, kama majani ya mgomba. Ptuu! Sijui hata niliyatoa wapi. Watoto wa mtaani wakakutania, mzungu mweusi wa Buzebazeba, ukarudi unalia, na mimi badala ya kukuambia ukweli nikakuambia wanakuonea wivu. Mama yako alikuwa anapeta mchele pale mlangoni. Aliniangalia, akaendelea kupeta.

Hatuna Mwingereza yeyote katika ukoo wetu. Mwingereza alikuwepo, lakini alikuwa mwalimu wangu wa useremala, ng'ambo ya ziwa, Burundi, upande wa Rumonge. Mwalimu Hayward. Mtu mrefu, mkavu, Kiswahili chake cha kuokoteza, akikasirika anaongea na mbao kwa Kiingereza. Vifaa vyake vyote vilikuwa vimegongwa jina kwa chapa ya chuma, kila mpini, kila randa. Tukamuuliza siku moja, mwalimu, hili jina ni la kifaa au lako? Akasema ni lake, ni la baba yake, na la babu yake, na la babu wa babu yake. Wote Hayward. Tulicheka, Kaneza, mpaka mwenzetu mmoja akadondosha patasi ikamkosa mguu kidogo tu. Nikamuuliza, "Sasa mama akiita chakula, anakuja nani?"

Kwetu kila mtoto ana jina lake peke yake, hata mliolala tumbo moja. Mtoto akizaliwa, baba anatazama nyumba imepatwa na nini mwaka huo, furaha au msiba au ugomvi na jirani, ndipo anampa jina. Mimi nilizaliwa baada ya wawili kufa, baba akaniita Bigirimana, yaani mambo hufanywa na Mungu. Ndilo jina langu. Andika mahali, maana hujawahi kulisikia likitoka kinywani mwangu. Mdogo wangu wa kike alizaliwa wakati wa njaa, akaitwa Nahimana, maana yake tumemwachia Mungu. Ukitutazama kwenye daftari huoni undugu wowote. Kijijini haikuwa na shida, kila mtu alijua nani ni wa nani.

Mwalimu alipoona tunacheka, akaketi kwenye gogo akatueleza. Alisema zamani sana vijiji vya kwao vilizungusha mashamba uzio wa miiba, na wanakijiji walimchagua mtu mmoja aulinde. Ng'ombe akipenya kwenye ngano, kazi yake ni kumtoa. Ng'ombe aliyepotea anamfungia mpaka mwenyewe aje. Watu wakamwita kwa kazi yake, hayward, yaani mlinzi wa uzio, kama sisi tunavyosema fundi fulani. Akafa, mwanawe akashika kazi, akashika na jina. Baadaye wakubwa wa kule wakataka kila mtu aandikwe kitabuni, na karani hawezi kuandika watu ambao kila mmoja ana jina lake. Basi waliokuwa na jina siku hiyo likawagandia. Wajukuu wakawa waoka mikate, wakawa mabaharia, ng'ombe hawawajui, lakini bado wanaitwa walinzi wa uzio. Babu yake mwalimu akawa seremala, ndiye aliyetengenezesha ile chapa. Nakumbuka alimaliza hivi: "Sisi hatukuchagua jina. Karani alichagua." Nilipenda hadithi ile. Nilimwonea huruma pia, mtu mzima kutembea na kazi ya marehemu asiyemjua.

Alipoitwa kurudi kwao, kabla mambo hayajaharibika, alinipa randa yake moja. Hiyo hiyo iliyopo hapa mbele yangu, uliyokuwa ukiikokota sakafuni utotoni ukisema ni boti. Alinipigapiga bega akasema, randa ni yako, kazi nayo ni yako. Jina hakunipa. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu nimeliandika tofauti kwenye fomu nyingi mno.

Kisha yakatokea yaliyotokea. Sitayaeleza, umeyasikia kwa watu wengine na yalikuwa hivyo hivyo. Tulivuka ziwa mimi na Nahimana, baba na mama wamebaki kule na hawakutoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi na saba. Alikuwa mcheshi yule, Mana yanje, Mungu wangu! Ndani ya mtumbwi watu wanasali, maji yanaingia, yeye ananinong'oneza kwamba nikizama nimwachie randa aiuze. Nilimfinya ili anyamaze. Tulifika upande huu asubuhi, tumelowa, tuna njaa, na mali yetu yote ni ile randa na kanga yake moja.

Ufukweni walikuwa wameweka meza mbili, ya wanawake na ya wanaume. Nahimana alitangulia, akaandikwa jina lake. Kwenye meza yangu alikaa karani mtu mzima wa kutoka mbali, amechoka, kola imelowa jasho. Ilikuwa imetoka amri kwamba mafundi wanatakiwa mjini, wajenge, hivyo fundi atabaki Kigoma na watu wa jina lake. Wengine wote wapande malori kwenda kambini, mbali huko porini. Mbele yangu mwanamume mmoja alitaja watoto watano kuwa wake, wakagundua wawili ni wa jirani. Wakamtoa mstarini yeye na wote, fundi asiwe fundi tena. Niliona kwa macho yangu.

Karani akaniuliza, "Jina la ukoo?" Nikababaika. Hatuna kitu hicho. Akaniuliza tena kwa ukali. Akaitazama randa niliyoikumbatia, akaigeuza, akasoma. "Hili hapa ndilo la ukoo wenu?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Neno moja tu, kumbe. Alifurahi hata, akaniambia leo angalau nimepata mtu mwenye jina linaloandikika. Akaandika. Hapo Nahimana akaja akasimama kando yangu, akanishika mkono wa shati kama alivyozoea. Karani akatazama karatasi aliyoshika Nahimana. "Huyu kaandikwa Nahimana. Wewe Hayward. Mnahusiana vipi?"

Kulikuwa na mama mmoja wa Kiha pale akigawa uji. Mungu ambariki popote alipo. Aliacha upawa akasema, "Mzee, hawa ndivyo walivyo, kama sisi Waha. Mtoto na mtoto, kila mmoja na jina lake. Watazame pua zao, si ndugu hawa?" Karani akageuka kwangu. Hakuwa mtu mbaya yule, Kaneza, nimemtafutia ubaya miaka yote hii nimekosa. Aliweka kalamu chini kabisa. Akaniuliza taratibu, "Kijana, huyu ni dada yako?"

Ningesema ndiyo, angeniuliza, basi mbona ukoo wako ni Hayward na yeye hana? Ningelazimika kusema jina ni la mwalimu, nimelitoa kwenye randa, nimekudanganya sasa hivi. Nikamfikiria yule wa watoto watano. Nikajiambia, wiki moja tu, nitatulia mjini, nitamfuata. Akili ya mtu mwenye hofu ni mwanasheria hodari sana.

Nikasema, "Hapana. Niko peke yangu."

Nahimana aliuachia mkono wa shati. Alinitazama tu, nikainama nikajifanya natazama randa. Yule mama wa uji akasema, "Yoo!" akaokota upawa wake. Nilipoinua kichwa Nahimana alikuwa ameshapanda lori.

Kibali cha kutoka mjini nilikipata baada ya siku kumi na moja. Nilifika kambini, nikaulizia hema hadi hema. Mwanamke aliyelala naye hema moja akaniambia msichana huyo ameondoka na kundi lililoamua kurudi kwa miguu kuelekea mpakani. Walimzuia, wakamwambia huko kunaua. Akawajibu kwamba upande huu hana mtu. Sikumwambia mwanamke yule mimi ni nani. Nilimwambia nimetumwa.

Sikumpata tena. Unakumbuka jinsi nilivyokuwa nakwenda Kibirizi kila boti ya ng'ambo ikitia nanga, na mama yako anasema nakwenda kutafuta kazi? Nilikuwa natazama nyuso. Nilikwenda hadi Ilagala kwa tetesi tu za mwanamke Mrundi mcheshi anayeuza dagaa. Alikuwa mcheshi kweli, lakini hakuwa yeye.

Ungedhani mtu akishafanya hilo atalitupa jina. Mimi nililishika zaidi. Kulitupa kulikuwa na maana ya kusema kwa nini. Likaingia kwenye kibali, kwenye cheti cha ndoa, watu wakaniita Mzee Hewadi fundi wa maboti. Ulipozaliwa mama yako alitaka upewe jina lako mwenyewe kama desturi. Nikakataa, nikamwambia makarani wanapenda watu wa jina moja, huyu mtoto hatatenganishwa nami kamwe. Nikakuandika Ester Hayward. Kaneza ni jina alilokuita yeye kwa kuiba, jikoni, na mimi nikazoea. Nililitengeneza jina lile kuwa uzio, nikadhani wewe na mimi tuko ndani salama. Mama yako alijua kila kitu. Hata wiki ile ya mwisho, kifua kinambana, alinishika akasema, "Mwambie mtoto." Nikamjibu nitamwambia kesho. Ni miaka sita sasa.

Na hii ya majuzi ndiyo inayonitoa machozi ya aibu. Yule dada mzungu, Mwingereza, alipotuita kwenye usaili, alitabasamu akauliza, "Jina hili ni la kwetu. Mlilipataje?" Ilikuwa nafasi, mwanangu. Alikuwa na orodha ya zamani mbele yake, ya mwaka ule sisi wa mjini tulipoitwa kambini kuhojiwa mara ya pili, nami niliwaambia baba yangu na babu yangu ni Warundi wakulima. Angeweza kunisikiliza. Lakini wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu na ile blauzi ya njano, umenyoosha shingo, unasubiri kwa fahari nimwambie habari za Mwingereza wako mwenye macho ya kijani. Nikaona aibu mbele yako. Nikasema babu yangu mzaa baba alikuwa Mwingereza. Mkalimani akatafsiri. Dada akauliza, una uhakika, mzee? Nikasema ninao. Akauliza tena, polepole, kama yule karani. Nikasema ninao. Akaitazama ile orodha, akafunga faili. Sisi tukatoka nje na wewe ukasema, "Wazungu hawapendi kusikia wana ndugu weusi." Nikakuacha uamini hivyo. Miezi minne sasa unawachukia watu kwa kosa langu.

Kwa hiyo kesho ukimwambia yule dada wa ofisini kwamba baba yako hajadanganya mtu, atakufungulia faili akuonyeshe. Utaaibika mbele ya watu, na ndege itaondoka. Kaneza, nakuomba, nakupigia magoti mimi mzee, usifanye hivyo. Sina tena nguvu ya kuona lori likimbeba mtu wangu kurudi upande ule.

Huko unakokwenda jina hilo ni la watu. Utalikuta kwenye milango na kwenye makaburi. Usijidai ni ndugu zako. Wakikuuliza umelipata wapi, sema baba yako alilitoa kwenye randa ya mwalimu wake siku aliyokuwa na hofu. Wengine watacheka, waache wacheke. Ukichoka nalo litupe, sitakasirika, na ukizaa mtoto mpe jina lake peke yake, utazame nyumba yako imepatwa na nini mwaka huo. Labda kuna mtu wa Rumonge atakayekuja kuishi huko. Muulizie Nahimana. Ana kovu dogo chini ya kidevu, alianguka kwenye jiwe la kusagia. Kama yu hai ni bibi sasa. Usimwambie kaka yake anamtafuta. Mwambie kaka yake amesema ni kweli, yule alikuwa dada yake.

Najua utasema kwamba nakuomba ufanye lile lile nililolifanya mimi. Ndiyo. Toka asubuhi nalipiga randa jambo hili upande huu na huu, na linabaki hivyo hivyo. Nimekutafutia neno jingine la kusema mbele ya ile meza, sikulipata. Tofauti ni moja tu. Nahimana sikumuuliza. Mimi nilimkana amesimama pale anaamini nitasema ndiyo. Wewe unaniacha kwa sababu mimi mwenyewe nimekwambia uniache, nikiwa na akili zangu timamu, saa tisa mchana, hapa benchini. Hakuna cha kukusamehe. Lakini nakufahamu, utakuja kukitafuta cha kusamehewa usiku wa baridi huko, basi nakusamehe kabisa tangu sasa, chote, uchukue msamaha huu uufanye mto.

Nitakusindikiza. Wataniacha niingie mpaka mlangoni, nimeshaomba. Watakuuliza kama una mtu. Sema, "Niko peke yangu," uchukue kalamu utie saini. Halafu geuka unitazame. Usiiname kama nilivyoinama mimi. Inua uso unitazame vizuri mpaka ushibe, mimi nitakuwa nimesimama pale pale, sitaondoa macho.

Baba yako,
Bigirimana